Ni Nani Alibebaka Maji

Mérida, 14 Februari 2024

Yaya Gloire, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa sababu mama ameamua hivyo, si kwa sababu nimekukumbuka. Alisema tangu niondoke Sydney kila tukipigiana simu tunatukanana mpaka majirani wa Blacktown wanajua siri zetu, kwa hiyo simu basi hadi hasira ipoe. Kwenye barua, alisema, mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Sawa, nimetii. Na kwa kuwa masikio yake hayasikii simu na wewe ndiye utakayemsomea, msomee yote, hata pale ninapokusema vibaya.

Mwambie niko mwaka wa pili chuoni hapa Uhispania, bado najifunza kukarabati mawe ya kale, na mtihani wa mwisho ni Juni. Mji huu Warumi waliujenga miaka elfu mbili iliyopita kwa ajili ya askari wao waliostaafu. Wazee walipewa mashamba wapumzike, wakajengewa ukumbi wa michezo, mahekalu, kila kitu. Hadi leo mtu akichimba msingi wa jiko anakuta ukuta wa Kirumi, na jiko linasubiri.

Jumapili nilivuka daraja lao juu ya mto Guadiana. Lina matao kama sitini, na watu bado wanapita juu yake na mbwa na baiskeli bila kushangaa. Nilishuka chini nikapapasa mawe kwa mgongo wa vidole, kama baba alivyotufundisha. Fundi ameliacha tumbo la kila jiwe limetokeza na kingo amezichonga sawasawa, vilevile baba alivyofanya kwenye ukuta wa shule ya masista kule Bukavu. Nilikaa pale nikalia kidogo, kisha nikala mkate wangu.

Msalimie mama. Na wewe, kama unataka.

Falone


Blacktown, 8 Machi 2024

Falone,

Barua imefika Jumanne. Nimemsomea mara tatu, mara ya tatu akalala nayo kifuani.

Mimi sina mengi. Niko kwenye lile ghala la Wetherill Park, naendesha foklifti kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Unaandika kana kwamba ukoo ulikaa kikao ukakutuma kwenda kupapasa mawe. Hakuna aliyekutuma. Ulimwacha mama na miaka sabini na moja, ukafuata mawe ya watu wengine. Nimeshasema, na sasa naandika maneno yake neno kwa neno, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, maana amekaa hapa ananichungulia mkono utadhani anajua kusoma.

“Binti yangu, nimefurahi. Umeandika askari, umeandika fundi, umeandika mbwa. Sasa uniambie, ni nani alibebaka maji? Chokaa haikorogwake na mate.”

Unamjua. Ule ukuta wa masista una jina la baba limechongwa kwenye jiwe la kona, na maji yote ya chokaa aliyapandisha yeye kutoka bondeni, miaka miwili, wewe ukiwa mgongoni. Hajasahau na hana mpango wa kusahau.

Yuko salama. Anakula.

Gloire


Mérida, 30 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Swali lako lilinitoa jasho. Nilimuuliza mwalimu wetu nani alibeba maji, akaniangalia kama niliyemuuliza rangi ya soksi za Kaisari. Nikaenda kutafuta mwenyewe.

Kando ya lile daraja kuna ngome ya Waarabu. Waliijenga baada ya Warumi kuondoka, kwa mawe yaleyale ya Warumi, hata nguzo zenye maua ya kuchonga wamezilaza zikawa kingo za mlango. Ndani ya ngome, chini ya ardhi, kuna kisima ambacho maji ya mto huingia yakijichuja yenyewe. Kuna ngazi mbili za kukishukia, ndefu, zenye giza, na hazina vipandio vikali kwa sababu wanyama ndio walioteremka. Upande mmoja walishuka nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, upande wa pili wakapanda na mitungi. Kwa hiyo mama, jibu lako ni nyumbu. Nimekuchorea.

Yaya, sasa wewe. Miaka sita nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee pale Blacktown nikiosha mama za watu, nikirudi nyumbani sina mikono ya kumwosha wangu. Niliondoka ili nijifunze kazi ya baba kabla sijaizeekea. Mama alinipa baraka zake mwenyewe, hukuwepo, ulikuwa kazini.

Na mbona umeandika “anakula”? Mama siku zote anakula. Mtu huandika hivyo akiwa na jambo.

Falone


Blacktown, 19 Aprili 2024

Falone,

Una kichwa cha polisi. Mama alishikwa na mafua, sasa hivi msimu unageuka huku na baridi ya asubuhi inauma. Nimebadilishiwa saa, naingia ghalani mchana, kwa hiyo asubuhi niko naye. Njeri, yule nesi Mkenya wa mtaa wa nyuma, anapitapita kumjulia hali. Jana alinifukuza jikoni: “Wewe go sleep, Gloire, nitakaa na mathe. Unakaa vibaya kumshinda.” Basi usiwe na wasiwasi.

Picha ya ngazi ameibandika ukutani karibu na kitanda. Anasema hivi: “Nyumbu ilibeba, sawa. Lakini nyumbu nayo inakunywaka. Ya nyumbu, ni nani alibebaka?”

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema umalize mtihani, usikimbiekimbie, fundi haachi ukuta bila kofia, ule mstari wa mawe wa juu kabisa.

Kuhusu baraka, hakuniambia. Nimemuuliza, amesema ni kweli.

Gloire


Mérida, 28 Aprili 2024

Mama,

Barua ya yaya haijafika bado lakini siwezi kungoja. Leo nimekushinda.

Nje kidogo ya mji, bondeni, kuna nguzo za mfereji wa Warumi uliokuwa ukipita angani. Ni ndefu kuliko kanisa la Kadutu kule Bukavu, wamepanga jiwe, kisha matofali mekundu, kisha jiwe tena, na juu kabisa korongo wamejenga viota vyao na kugongagonga midomo mchana kutwa. Wenyeji wanauita Mfereji wa Miujiza kwa sababu hawaelewi kwa nini haujaanguka. Maji yalitoka kwenye bwawa, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu, yakatembea juu ya matao hayo mpaka mjini. Yalitembea yenyewe, mama. Mteremko mdogo tu, jicho halioni. Hapa hakuna mwanamke aliyeweka kata na mtungi kichwani. Nilisimama chini yake nikakufikiria, nikaona hasira kwamba miaka elfu mbili iliyopita watu walijua hili na wewe ulipanda lile bonde kwa shingo yako.

Nakuwekea mchoro mkubwa. Mtihani ni tarehe kumi na nne Juni, na tiketi nimekata, nafika Sydney tarehe mbili Julai. Nitakuosha nywele na kukusuka, halafu utaniuliza mwenyewe maswali yako, na yaya atapumzika kuwa mwandishi wa mfalme.

Binti yako,
Falone


Kwa barua pepe
Blacktown, 9 Mei 2024

Sista Aksanti,

Samahani kwa kukuvamia. Nimepewa anwani yako na Mama Nibigira wa kanisa letu hapa, Mrundi, ambaye dada yake yuko shirika lenu. Aliniambia uko Pamplona, na kwamba ujanani ulifundisha shule ya masista Bukavu. Basi labda unamkumbuka mke wa fundi Mushagalusa, aliyebeba maji wakati wa kujenga ukuta. Mimi ni mwanawe.

Mama yetu Fébronie alifariki juzi Jumanne, tarehe saba. Ilikuwa saratani ya ini. Tulijua tangu Februari. Alinikataza kumwambia mdogo wangu Falone, anayesoma Mérida, mpaka amalize mtihani. Alisema atavumilia hadi Julai amwone. Madaktari walisema labda Agosti. Wote walikosea.

Sista, nakuomba uende Mérida ukamwambie. Najua ni mbali. Kwetu habari ya kifo hailetwi na mashine, wewe unajua. Anakuja mtu, anakukalisha chini, anakushika. Na sisi tuna sababu zaidi ya wengine. Baba alipouawa njiani, mama aliambiwa na mtu asiyemjua, kwa simu ya duka la kando ya bomba, akiwa bado na bidoni, dumu la maji, kichwani. Alianguka palepale. Mimba ya miezi saba ikatoka, na masikio yake yakaharibika kwa kile kichwa alichopigiza. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, mimi ndiye niliyemwinua. Niliapa hakuna mtu wa nyumba yetu atakayeambiwa hivyo tena.

Nimewakataza watu wote wa hapa wasiandike kitu kwenye simu zao. Mwili uko mochwari, nimeomba wanisubirie wiki tatu. Ukimfikia mapema atawahi kuzika. Anaishi peke yake, hana hata Mswahili mmoja mji ule.

Gloire Mushagalusa


Blacktown, 16 Mei 2024

Falone mdogo wangu,

Barua ya mfereji imefika pamoja na mchoro. Ni mzuri sana. Mama ameupenda. Anasema ni kazi nzuri na anakuombea mtihani mwema, na anakusalimia sana. Hajambo.

Nimekuwa nikikusema vibaya muda mrefu. Nadhani nilikuwa nachoka na nikatafuta wa kumlaumu. Umefanya vizuri kwenda. Baba angefurahi.

Kula vizuri. Usikae peke yako sana, siku za wikendi ukae nyumbani, labda atapita mgeni.

Kaka yako,
Gloire


Kwa barua pepe
Pamplona, 20 Mei 2024

Mwanangu Gloire,

Namkumbuka Fébronie. Alikuwa akituimbia akipanda na maji, akisimama ndipo tunajua amechoka. Nimemlilia.

Jumamosi tarehe kumi na nane nilifika Mérida kwa treni na basi, na magoti yangu haya. Falone hakuwepo. Jirani yake, mama wa Kihispania, alisema chuo kimewapeleka wote wiki mbili mashambani, wanafukua nyumba ya zamani, na simu huko hushika jioni tu, wakipanda kilimani. Sikumwambia jirani sababu. Niliacha salamu tu, nikarudi Pamplona siku ya pili.

Nimekuandikia wewe badala ya kunyamaza kwa sababu lazima niseme: mwambie kwa simu, jioni yoyote, usingoje arudi. Siku za kungoja zinaisha, atakosa mazishi. Najua desturi, nimeipeleka kwenye nyumba nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Lakini desturi ni ya kumsaidia mfiwa, si ya kumfungia nje. Ukikataa, nitarudi Jumamosi tarehe moja Juni, kabla ya hapo mkuu wetu hawezi kuniruhusu.

Sista Aksanti


Kwa barua pepe
Blacktown, 22 Mei 2024

Sista,

Nilishika simu jana na leo. Jana nilifika hadi jina lake. Nikamwona amesimama barabarani peke yake, na mimi niko upande mwingine wa dunia, na hakuna wa kumwinua.

Siwezi. Tafadhali nenda tarehe moja. Mochwari wamesema hawawezi kuvuka tarehe ishirini na tisa. Tutazika.

Gloire


Mérida, 5 Juni 2024

Gloire,

Usinipigie. Ulichagua barua, tumalizie kwa barua.

Yako ya tarehe kumi na sita niliikuta niliporudi kutoka mashambani, Ijumaa tarehe thelathini na moja. Niliisoma nikasimama. Nilimwandikia mama kwamba maji yalitembea yenyewe, na yeye hakuuliza kitu. Mama yangu, asiulize nani alichimba bwawa, nani alibebea maji wale waliojenga nguzo. “Ni kazi nzuri.” Mama hajawahi kumwambia mtu “ni kazi nzuri” maisha yake yote. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amenikasirikia. Kwamba nimejisifu, nimemdharau na shingo yake iliyopinda, nikamwambia ni mjinga kwa kubeba. Nilikaa na aibu hiyo usiku kucha, na yeye alishazikwa siku mbili kabla.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Uliniandikia nikae nyumbani, sikukaa, nilimwambia tu jirani ninakokwenda. Nilienda kumtafutia mama kitu cha kuniombea msamaha. Kuna makaburi ya Kirumi huku yanaitwa Columbarios, vijumba viwili vya mawe visivyo na paa, vya familia mbili. Ndani wamechora sura za marehemu ukutani, zimefifia lakini wanakuangalia. Nilitaka kumchorea mama sura ya mwanamke mmoja kati yao. Juu ya mlango kuna jiwe lenye maandishi, na Kilatini changu kinatosha jiwe kama hilo. Kwa baba. Kwa mama. Kwa dada. Kisha jina la kaka, na mwisho wameandika: alijenga. Yeye ndiye aliyebaki, akawajengea wote.

Nilikuwa bado nanakili herufi nilipomwona mwanamke mzee Mwafrika anakuja kwenye kile kinjia cha mawe, amevaa kitambaa cha kitawa, anachechemea, jirani yangu amemshika mkono. Gloire, sisi tumezaliwa wapi? Mtu asiyenijua, wa kwetu, ametembea mpaka nilipo na anataka nikae chini. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilikaa mwenyewe.

Alinishika. Hilo ulilipata. Sikuanguka, alikuwepo wa kunishika, alikaa nami siku tatu, akanipikia, akaniimbia alichokuwa akiimba mama. Na mama alikuwa ardhini tayari. Uliogopa nisianguke, ukanifanya nisiwepo. Umemzika mama, na mimi umeniandika kwenye jiwe hilohilo. Kwa baba, kwa mama, kwa dada. Alijenga Gloire.

Tiketi nimeirudisha. Mtihani sijui. Julai nije kwa nani?

Nina swali moja tu, na naomba unijibu ukweli, kisha tunaweza kunyamaza. Kwetu mama anaoshwa na binti yake. Na maji ya kumwosha yanabebwa na mtoto wa tumbo lake, hayachotwi na mgeni. Mama Nibigira na wenzake najua waliosha, Mungu awabariki. Lakini ni nani alibebaka maji?

Falone


Blacktown, 24 Juni 2024

Falone,

Sitajitetea. Sista aliniambia nipige simu na nilishindwa. Sasa naelewa kwamba sikuwa nakuona wewe umeanguka barabarani. Nilikuwa namwona mama, na nilikuwa naogopa kuinua mtu tena. Hilo ni langu, nitaishi nalo.

Kuhusu barua ya tarehe kumi na sita: nilijaribu kuandika swali lake. Nilijaribu mara nyingi, kalamu ilikataa. Kumtungia mama neno hilo niliona ni kama kumwibia. Ndiyo maana uliona pengo. Mchoro wako wa mfereji nimemwekea kwenye jeneza, chini ya mkono wa kulia. Alikufa kabla haujafika, lakini ule wa ngazi za nyumbu aliutazama asubuhi ile. Njeri alikuwepo. Mama alimwuliza, kwa Kiswahili chetu, kama nyumbu wana huruma, Njeri akasema, “Wanayo, mathe, kushinda watu wengi.” Akaridhika.

Sasa jibu lako.

Nyumba ya maiti hapa ina chumba cheupe cha kuoshea, na bomba la maji moto na baridi ukutani. Mwenye kazi alinionyesha jinsi ya kulifungua. Nilimwambia sawa, nikarudi nyumbani. Nilijaza mabidoni mawili ya njano kwenye lile bomba la jikoni alilokuwa akioshea mboga, lita ishirini kila moja. Niliweka kwenye gari, lakini nikaona gari haliwezi kuwa ndilo lililobeba. Basi nikaegesha kituo cha treni, nikaweka la kwanza begani, nikatembea. Ni dakika ishirini, kuna kilima. Watu wananiangalia. Kijana mmoja wa kizungu alishusha kioo akauliza, “You right, mate?” Nikamwambia niko sawa. Nilipofika juu shingo yangu ilikuwa imekufa, na nilikuwa nimebeba mara moja tu, na yeye alibeba miaka miwili.

Nilirudi kuchukua la pili. Mama Nibigira na wanawake wenzake walikuwa mlangoni, hawakuuliza kitu, walipokea. Niliwaambia: la kwanza ni la Gloire, la pili ni la Falone, ninamshikia. Mama Nibigira alisema, “Maji ya kwanza yanatosha, mwanangu. Hilo lingine alilete mwenyewe.” Waliosha kwa lile moja. Lingine lilikaa mlangoni limejaa mpaka walipomaliza, nami nikalirudisha nyumbani begani vilevile.

Liko jikoni, chini ya dirisha. Nimekaza kifuniko. Sikulimwaga makaburini, na kwa sasa hakuna jiwe juu ya kaburi la mama, ni udongo tu na kijiti chenye namba. Jiwe sikuagiza. Mimi siwezi kulichonga, na sitaki jina langu peke yake liandikwe mwisho.

Sitakupigia. Lakini maji yako yapo.

Gloire